Kidoti Kilichonipotezea Miezi Minne

Aliyenifundisha kusoma slaidi za damu ya ng'ombe alikuwa mzee mmoja wa maabara ya mifugo mkoani Tanga. Sisi vijana tulimwita Mzee tu, naye alituita wanangu hata siku tulizomkera. Siku yangu ya kwanza kwenye darubini nilishangilia kwamba nimemwona mdudu, ana mkia kabisa. Akanisogeza pembeni, akatia jicho, akasema: "Mkia wanao wote, mwanangu. Tafuta kidoti."

Kidoti chenyewe ni alama ya zambarau iliyokolea, ndogo kuliko kiini, imekaa upande wa nyuma wa kimelea. Ukipaka damu kwenye kioo, ukaikausha, ukaipitisha kwenye methanoli na rangi ya Giemsa, kisha ukaweka tone la mafuta na kutazama kwa lenzi ya mia, unakiona. Mzee alikitumia kutambua aina za tripanosoma, vimelea vya damu vinavyoletwa na mbung'o. Kikubwa, kimekaa mwisho kabisa: vivax. Kimebanwa ukingoni na kimelea ni kifupi: congolense. Kidogo, hakijafika mwisho, na utando wa ubavuni umejikunja mawimbi: brucei. Kwa kanuni hiyo nilisoma slaidi miaka mitatu, mamia kwa mamia, nikiandika majina daftarini, na wala sikuwahi kujiuliza ndani ya kidoti kuna nini. Kwangu kilikuwa kama chapa ya ng'ombe. Nani anauliza chapa ina nini ndani?

Nilikuja kuuliza baadaye sana, nikiwa Uskoti kwa shahada ya pili, na kidoti kile kile kimenikaa kooni.

Nianze na kilichomo. Tripanosoma ana mitokondria, yaani karakana ya nishati ya seli, moja tu, ndefu, iliyopita mwili mzima, na DNA yote ya mitokondria hiyo imekusanywa mahali pamoja. Hapo ndipo kwenye kidoti, na wataalamu wanapaita kinetoplasti. Ndani yake kuna pete za DNA zilizopitishwa moja ndani ya nyingine, kama deraya za askari wa zamani. Pete kubwa ni makumi kadhaa, kila moja ina herufi kama 23,000, na zote ni nakala za kitu kimoja. Pete ndogo ni maelfu, kila moja herufi kama 1,000, na hizi hazifanani. Zipo za mamia ya aina. Jeni za protini ziko kwenye pete kubwa. Ukizisoma zilivyo, nyingi ni kama barua iliyoliwa na mchwa: nyingine haina mwanzo, nyingine inakatika njiani, nyingine imepungukiwa herufi hapa na pale. Kati ya jeni 18 za protini zilizomo, 12 hazisomeki mpaka ujumbe wake, yaani RNA, ufanyiwe marekebisho baada ya kunakiliwa.

Marekebisho yenyewe yanahusu herufi moja tu, U. Inapokosekana huingizwa, inapozidi huondolewa. Herufi nyingine tatu, A, C na G, haziguswi. Shika hilo la A, C na G, maana ndilo lililoniokoa.

Waliolitangaza jambo hili walikuwa Rob Benne na wenzake wa Amsterdam, mwaka 1986. Waliikuta RNA ya jeni iitwayo COII ina herufi nne ambazo jeni yake haina. Niliposoma makala yao nilijiuliza wao wenyewe walirudia mara ngapi kabla ya kuthubutu kuandika. Tulifundishwa sote shuleni kwamba RNA ni nakala ya DNA. Ukiona nakala ina maneno yasiyo kwenye asili, unamtuhumu mwandishi, yaani unajituhumu wewe na mikono yako.

Kazi niliyopewa ilikuwa ile anayopewa kila mgeni: thibitisha kinachojulikana kabla hujaaminiwa kwa kisichojulikana. Nitoe RNA ya brucei, niigeuze kuwa DNA nakala, niizidishe kwa PCR, niisome, nionyeshe zile U nne za COII. Mambo yenyewe ni haya. Kwenye jeni, sehemu inayohusika imeandikwa:

GAGAACCTGG

Kwenye ujumbe uliohaririwa inasomeka:

GAUUGUAUACCUGG

U mbili zimeingia baada ya GA, moja baada ya G inayofuata, na nyingine baada ya A. Nne jumla. (T ya DNA ndiyo U ya RNA, kwa hiyo U ile ya karibu na mwisho ilikuwapo tangu mwanzo.) Protini husomwa herufi tatu tatu, kama mtu anayehesabu embe kwa mafungu ya tatu. Ukiongeza nne, umeongeza fungu zima na moja ya kusukuma mafungu yote yanayofuata. Bila hizo nne, kila fungu baada ya hapo ni la uongo.

Nilidhani nitaimaliza wiki mbili.

Praima, vile vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR, nilizotengeneza kwa kufuata ujumbe uliohaririwa hazikunipa kitu. Jeli ya kutazamia DNA ikabaki nyeusi tii. Nilizotengeneza kwa kufuata jeni zilinipa mstari mzuri, mnene, nikausoma, nikaikuta GAGAACCTGG ilivyo kwenye jeni, haijaongezwa hata moja. Nikajua: RNA yangu imechafuliwa na DNA. Nikaitia kimeng'enya cha kula DNA. Nikarudia. Jibu lile lile. Nikanunua kimeng'enya kingine. Jibu lile lile. Nikaweka kipimo cha udhibiti, mrija usiotiwa kile kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA, ili uchafu wowote ujitokeze. Ukatoka mtupu, safi. Maana yake nilichokuwa nakisoma kilikuwa RNA kweli, na hakijahaririwa. Kipimo kilinipa jibu siku ile ile, kwa sauti. Sikulisikia. Nililaumu friza, nikalaumu maji, nikafika mahali nikabadilisha glavu.

Miezi minne.

Na hapa lazima nikiri jambo ambalo si la sayansi. Wenzangu wote walimwita msimamizi wetu kwa jina lake la kwanza na kumgongea mlango wakati wowote, hata akiwa anakula. Mimi nilishindwa. Nilimwita Daktari mpaka yeye mwenyewe akachoka kucheka. Kwetu mtu haendi kwa mkubwa mikono mitupu, anakwenda na kitu, na mimi sikuwa na kitu. Kila Ijumaa kwenye kikao nilisema "inaendelea vizuri", nikakaa. Sijui kama hilo ni kosa la malezi. Malezi hayo hayo yalinifanya nimsikilize Mzee Tanga badala ya kujifanya najua. Ila pale yalinigharimu.

Siku nilipomfuata hatimaye, nilibeba jeli zote kwenye faili, kurasa thelathini na ushei. Hakuzifungua. Aliniuliza swali moja: "Vimelea vyako ni vya damu au vya mbung'o?"

Nikamjibu vya damu, bila shaka. Kwenye friza la nitrojeni kulikuwa na mirija ya aina zote mbili na mimi nilichukua ya damu kwa sababu damu ndiyo niliyoijua. Maisha yangu yote ya maabara nilimwona brucei kwenye damu. Akaguna, akasema: "Basi majibu yako ni sahihi."

Iko hivi. Brucei akiwa ndani ya ng'ombe au mtu anaogelea kwenye sukari. Anavunja glukosi kwa njia ya mkato na hana haja ya mtambo wa sitokromu, ule wa kuzalisha nishati kwa oksijeni, kwenye mitokondria. Akishanywewa na mbung'o, sukari inakwisha, inabidi abadilishe maisha na kuwasha mtambo huo. COII ni kipuri cha mtambo huo. Kwa hiyo kwenye damu ujumbe wa COII unaandikwa lakini hauhaririwi. Unalala pale ukiwa haufai. Kwenye mbung'o unahaririwa. Sitokromu b nayo vivyo hivyo. Baadhi ya ujumbe wa mtambo mwingine, wa NADH dehaidrojenesi, hukamilika zaidi kwenye damu. Upo pia ujumbe unaohaririwa pande zote mbili, kama A6, nitaurudia. Mimi nilikwenda kutafuta nguo ya baridi kwenye sanduku la kiangazi, kisha nikamshuku fundi.

Wiki iliyofuata nikaotesha vimelea vya umbo la mbung'o, kwenye nyuzi 27 badala ya 37. Nikatoa RNA, nikarudia yote kwa vimeng'enya vile vile nilivyovitukana. Mstari ukatoka. Nikaupandikiza kwenye bakteria, nikachukua makoloni kumi na manne, yaani vikundi vya bakteria, kila kimoja na nakala yake moja ya ujumbe, nikatuma yakasomwe.

Majibu yaliporudi sikuamini macho yangu kwenye kompyuta, nikayachapa. Nikachukua kalamu nyekundu nikafanya kitu ambacho Daktari alinifundisha siku ile mlangoni: kata kila T. Kwenye jeni kata, kwenye nakala ya ujumbe kata. Jaribu na wewe kwa zile herufi nilizoandika juu. Jeni inabaki GAGAACCGG. Ujumbe, ukiondoa U zote, unabaki GAGAACCGG. Sawasawa, herufi kwa herufi. Kama ningekuwa nimechanganya sampuli au mashine imesoma vibaya, kosa lingeangukia popote, hata kwenye A na C. Hapa tofauti zote zilikuwa T na T peke yake. Makoloni tisa yalikuwa na zote nne, manne hayakuwa na hata moja, na moja lilikuwa njiani, limeongezwa mbili za mwisho tu. Nililipenda lile moja kuliko yote. Lilikuwa kama kumkuta fundi kazini, sindano bado iko kwenye kitambaa.

Fundi huyo anajuaje pa kuweka U? Swali hilo lilipata jibu mwaka 1990, kwa Larry Simpson na wenzake California, na kimelea walichotumia kilinichekesha: Leishmania, ndugu wa tripanosoma, wa mjusi kafiri. Zile pete ndogo ambazo watu walikuwa hawajui kazi yake ndizo zinazotoa RNA fupi, herufi hamsini hadi sabini hivi, tunaziita RNA elekezi. Kila moja ina kichwa kinacholingana na kipande cha ujumbe, kinashika pale kama nanga. Baada ya nanga, herufi za elekezi hazilingani tena na ujumbe. Pale penye A au G kwenye elekezi isiyo na mwenza, ujumbe unakatwa, U inatiwa, unaungwa. Pale ujumbe ulipo na U isiyo na mwenza, unakatwa, U inang'olewa, unaungwa. Kundi la protini linalofanya hayo ni editosomu: mkasi wake ni endonuklesi, kiraka kinatiwa na kimeng'enya cha kuongeza U, kingine kinanyofoa, na ligesi ndiye mshonaji.

Jambo lililonichukua muda kulielewa ni mwelekeo. Kazi inaanzia mkiani mwa ujumbe, inarudi mbele. Elekezi ya kwanza ikimaliza, maneno mapya iliyoyaandika ndiyo yanakuwa mahali pa nanga ya elekezi ya pili. Bila ya kwanza, ya pili haina pa kushika. Shangazi yangu husuka mikeka, na ukili wa pili hauwezi kushonwa kabla ya wa kwanza. Nilimweleza hivyo mwanafunzi mmoja Mwingereza aliyekuwa hajawahi kuona mkeka, nikaishia kumchorea. COII ndiye mtoto asiye na usumbufu hapa: elekezi yake imo kwenye mkia wa ujumbe wake mwenyewe, haihitaji pete ndogo. Ndiyo maana wageni hupewa COII.

Wakiona umeiva wanakupa jeni ngumu zaidi, A6 au COIII. COIII huongezwa U 547 na kuondolewa 41. Zaidi ya nusu ya ujumbe unaokamilika haumo kwenye jeni. A6 huongezwa 447, huondolewa 28. Mwili wetu nao huhariri RNA, utumbo wa binadamu hubadili herufi moja ya ujumbe wa protini ya kubeba mafuta, lakini hiyo ni herufi moja. Hapa unaandika kitabu kwa kupenyeza herufi moja mamia ya mara.

Kwenye A6 kalamu nyekundu iliisha wino. Nilitegemea makundi mawili kama kwenye COII, yaliyohaririwa na yasiyohaririwa. Nilipata kila kitu. Nusu, robo, theluthi. Mengine mkia umekamilika vizuri, kisha kwenye mpaka wa kazi kuna vurugu: U saba pasipostahili, tatu palipostahili kuondolewa moja. Mbele ya vurugu, jeni ilivyo. Mwanzoni niliyatupa kama makosa, nikabakiza yaliyolingana na kitabu. Daktari aliyatoa kwenye folda ya takataka mbele yangu, kwa upole, nikaona haya. Sehemu kubwa ya ujumbe kwenye mitokondria ile iko njiani wakati wowote unaotazama. Ukitupa walio njiani unabaki na wachache waliofika, na hutajua njia inapita wapi. Tangu hapo sifuti faili kabla ya wiki kupita.

Wapo wanaoueleza uhariri huu kama usahihishaji, kwamba jeni zimeharibika na kimelea kinajitibu. Mimi naliona neno hilo linampa sifa asizostahili. Wapo wanasayansi wanaoona kwamba mtambo ulikuwapo kwanza, na kwa kuwapo kwake jeni zikaruhusiwa kupoteza herufi bila adhabu, mpaka kurudi nyuma kukawa hakuna. Ukiwa na mtu wa kukufungia kamba za viatu kila asubuhi, utasahau kufunga. Hoja hii inanishawishi zaidi, kwa sababu nimeona jinsi mtambo wenyewe ulivyo rahisi kupotea. Leishmania wa mjusi aliyefugwa maabara kwa miongo mingi walikuja kumkuta amepoteza elekezi za ujumbe kadhaa ambazo ndugu yake aliyetolewa porini karibuni anazo. Kwenye chupa hakuzihitaji. Tangu nisome hilo huwa naandika kwenye kila mrija umeoteshwa mara ngapi. Kwenye friza letu ilikuwapo mirija yenye lebo EATRO, na kama miezi sita nilidhani ni namba ya bidhaa. Ni kifupi cha shirika la utafiti wa trypanosomiasis la Afrika Mashariki, lililokuwa Tororo, Uganda. Vimelea vya kwetu vilinitangulia kufika.

Chumba cha jeli kilikuwa na kitu kingine cha kwetu. Pale tulitumia ethidiamu bromidi kuifanya DNA iwake. Glavu maalumu, pipa lake la taka, kitasa cha mlango usikiguse. Siku moja nikasoma jina lake jingine: homidiamu. Nilisimama pale na glavu zangu. Mzee alikuwa akitusimulia dawa za zamani za nagana, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na tripanosoma, na homidiamu ilikuwa mojawapo. Ng'ombe wa Afrika wamechomwa sindano zake tangu miaka ya 1950. Dawa ile hujipenyeza kati ya herufi za DNA, na miongoni mwa inayoyaharibu ni kunakiliwa kwa zile pete ndogo. Pete zikiisha, elekezi zinaisha. Elekezi zikiisha, A6 haihaririwi. Na A6 ni kipande cha mashine ya kutengeneza ATP, nishati ya seli, ambayo kimelea kwenye damu huiendesha kinyumenyume kulinda chaji ya mitokondria yake. Bila hiyo kinakufa.

Isipokuwa kile kilichobadilika. Herufi moja ikibadilika kwenye jeni ya kipande kingine cha mashine hiyo, kiitwacho gama, jeni ambayo iko kwenye kiini, kimelea kinaweza kuishi damuni bila kinetoplasti kabisa. Na hili si la chupani tu. Trypanosoma evansi, anayewapa ngamia ugonjwa uitwao surra, amepoteza pete kubwa zote, na baadhi yao hata ndogo hawana. Haendi tena kwa mbung'o, anasafirishwa na pange na nzi wengine wang'ataji, kutoka damu hadi damu, kwa hiyo COII ya nini? Amefunga karakana na kuuza cherehani.

Jioni ile nilimpigia Mzee simu. Alikuwa amestaafu, sauti imepungua. Nikamweleza kidoti kina nini ndani, pete, elekezi, mkeka wa shangazi. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maabara. Nilipofika kwa ngamia akaniomba nirudie.

"Hawana kidoti?"

"Baadhi yao ukiwatia Giemsa hukioni, Mzee. Wameshakipoteza."

Akaniambia kwamba zamani, bado kijana, alipelekwa kozi Kenya, wakapewa slaidi za ngamia wa kaskazini. Alitafuta kidoti hakukiona. Mwalimu akamwambia hajui kupaka rangi. Alipaka upya mara tatu, mara ya mwisho mpaka usiku, wenzake wamekwenda kula.

"Kumbe rangi ilikuwa sawa," akasema. Kisha akaniuliza kama huko Uskoti unga wa sembe unapatikana.